Keyword Planner, Search Console au chombo cha kulipia: biashara ndogo itafute maneno yake wapi?

Tovuti ikishakamilika, mwenye biashara huuliza swali moja: niandike maneno gani ili watu wanikute Google? Akianza kutafuta jibu anakutana na lundo la vyombo, kila kimoja kikijinadi. Vingine ni vya bure. Vingine vinakata pesa kwenye kadi kila mwezi, kimya kimya, mpaka siku utakaposhtuka.

Nimefanya kazi hii kwa tovuti za biashara ndogo, nyingi za mtu mmoja na msaidizi wake, na msimamo wangu nautoa mapema. Watu huvipima vyombo hivi kwa bei: vya bure huku, vya kulipia kule. Mimi huuliza kwanza takwimu hizi ni za nani. Kuna vyombo vinavyokueleza umma mzima unatafuta nini, na kuna vinavyokuonyesha waliokufikia wewe, au waliopita mlangoni bila kuingia, walikuwa wameandika nini. Kampuni kubwa inaweza kuishi kwa takwimu za umma. Biashara ndogo inafaidika zaidi na hizi za pili, ingawa ndizo zisizotangazwa sana, kwa sababu hakuna anayepata kamisheni kwa kukuelekeza huko.

Ili mazungumzo yashikike, tuchukue mfano wa fundi wa sofa. Anabadilisha vitambaa, anaweka sponji mpya, anarudishia springi zilizokatika. Kwenye tovuti yake ameandika "Huduma bora za ukarabati wa samani". Maneno mazuri, ila sijui nani aliwahi kukaa kwenye sofa iliyobonyea akawaza "ukarabati wa samani".

## Simu yako na kisanduku cha Google

Chombo cha kwanza hakina jina la kibiashara. Ni meseji za wateja. Fundi wetu akifungua simu yake akanakili meseji 50 za mwisho za wateja wapya, neno kwa neno pamoja na makosa ya tahajia, ataona "sofa imechanika inatengenezeka?", "kubadilisha kitambaa cha sofa ya watu watatu bei gani", "sponji imebonyea". Anayeulizia huduma kwa meseji na anayeitafuta Google ni mtu yule yule, na mara nyingi hata sentensi ni ile ile. Kasoro ya njia hii ni kwamba inakuonyesha wale waliokupata tayari. Aliyetumia neno usilolijua hakukufikia, kwa hiyo kwenye simu hayumo.

Huyo utampata kwenye kisanduku cha kutafutia. Mapendekezo yanayoshuka ukianza kuandika yalianza kama jaribio la Google mwaka 2004, na mwaka 2008 yakaingizwa kwenye ukurasa wake mkuu. Yanatokana na yale ambayo watu wameandika kweli, lakini yanaongozwa pia na lugha yako, mahali ulipo na yale uliyotafuta mwenyewe siku zilizopita. Ndiyo maana mtu anayeitafuta tovuti yake kila asubuhi hupendekezewa jina la biashara yake, akadhani ameshakuwa maarufu. Fungua kwanza dirisha la faragha la kivinjari.

Kisha andika "sofa", acha nafasi, weka herufi moja moja: a, b, ch, d. Rudi mwanzo wa neno uweke kitenzi: kutengeneza, kubadilisha, kusafisha. Kiswahili kina hila yake hapa, kwa kuwa kiambishi kimoja hubadilisha nia ya mtu. Anayeandika "kutengeneza sofa" huenda anataka kujifunza ufundi, wa "kutengenezewa sofa" anataka mtu wa kumfanyia, na wa "fundi sofa" ameshaamua. Jaribu zote. Chini ya majibu mara nyingi utakuta pia maswali ya watu wengine na utafutaji unaokaribiana. Nakili na huo.

Kati ya hizi mbili, simu inakupa lugha halisi ya watu wachache, kisanduku kinakupa lugha ya watu wengi bila namba yoyote. Usione kukosa namba ni hasara kubwa. Google yenyewe imesema kwa miaka mingi kwamba karibu 15% ya utafutaji wa kila siku haijawahi kuuona kabla. Hakuna orodha ya maneno, ya bure wala ya kununua, iliyo na sentensi ambazo bado hazijaandikwa.

## Keyword Planner na Google Trends: namba zisizosomwa kwa njia moja

Wengi huanzia Keyword Planner, chombo cha kupendekeza maneno na kukadiria yanatafutwa mara ngapi, kwa sababu ni ya Google na ni ya bure. Inakaa ndani ya Google Ads, kwa hiyo lazima ufungue akaunti ya matangazo hata kama huna mpango wa kutangaza. Ilikuja mwaka 2013 kuchukua nafasi ya chombo cha zamani, na tangu mwanzo ilikusudiwa wanunuzi wa matangazo. Ukisahau hilo utaisoma vibaya.

Kosa la kwanza liko kwenye safu ya ushindani. Inasema "chini", "wastani" au "juu", na mwenye tovuti hufurahi akiona "chini" akidhani atapanda kirahisi. Safu ile inahesabu watangazaji wanaogombea neno hilo. Haisemi chochote kuhusu ugumu wa kuonekana kwenye majibu ya kawaida, yasiyolipiwa. Neno linaweza kuwa na watangazaji wachache na huku ukurasa wa kwanza umejaa tovuti kubwa zilizokaa pale miaka kumi.

Kosa la pili ni makadirio ya mara ambazo neno hutafutwa kwa mwezi. Akaunti isiyotumia pesa kwenye matangazo huonyeshwa upana tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Kati ya mwanzo na mwisho wa kila upana kuna tofauti ya mara kumi! Maneno mawili yaliyoandikiwa "100 hadi 1,000" yanaweza kuwa moja la watu 120 na jingine la watu 900, nawe ukayaona sawa. Tena namba hiyo ni wastani wa miezi, kwa hiyo kitu kinachotafutwa sana mwezi mmoja na kulala miezi mingine kitaonekana kama kinatiririka mwaka mzima.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo siyapati vizuri kwingine bila kulipa. Moja ni bei ambazo watangazaji wako tayari kulipa kwa mbofyo. Mahali wanapolipa zaidi, kwa kawaida kuna wanunuzi, kwa sababu hakuna anayeendelea kumwaga pesa kwenye neno lisilomrudishia. La pili ni uwezo wa kuingiza anwani ya tovuti badala ya neno. Weka anwani ya mshindani wako mwenye tovuti nzuri, nayo itakutolea maneno inayoyahusisha na kurasa zake. Fundi wetu akifanya hivyo kwa tovuti tatu atapata orodha ndefu kuliko atakayoitumia mwaka mzima.

Google Trends, iliyoanza mwaka 2006 ikiwa na takwimu za kuanzia 2004, ni kitu kingine kabisa. Haihesabu watu. Inachukua kilele cha neno katika kipindi na eneo ulilochagua, inakiita 100, kisha inapima nyakati nyingine kwa kilele hicho. Kwa hiyo 50 maana yake ni nusu ya kilele, hata kama kilele chenyewe kilikuwa kidogo. Grafu mbili ulizozifungua mbalimbali hazilinganishiki. Maneno lazima yawe kwenye grafu moja.

Kazi ambayo Trends inaifanya vizuri kuliko zote ni kuamua ugomvi wa majina. Tuandike "sofa" au "kochi"? Weka yote mawili, chagua eneo unalohudumia, utaona. Kazi yake nyingine ni msimu: lini mwaka watu huanza kuulizia, ili ukurasa uwe tayari kabla. Ukiiuliza neno refu na la nadra kama "kubadilisha sponji ya sofa" inaweza kukuonyesha mstari ulalao sifuri, na hapo inasema tu kwamba haina takwimu za kutosha. Wenye biashara ndogo hukata tamaa hapa bila sababu.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili kwa tovuti mpya, nachukua Keyword Planner kwa wiki ya kwanza na kuiacha. Trends nairudia mara mbili kwa mwaka.

## Search Console, chombo kinachodharauliwa

Zamani mwenye tovuti aliweza kuona kwenye takwimu za wageni wake kila mmoja alikuja kwa maneno gani. Oktoba 2011 Google ilianza kuyaficha maneno ya watu walioingia kwenye akaunti zao, na kufikia mwaka 2013 ikafanya hivyo kwa karibu utafutaji wote. Safu ile ikabaki tupu. Tangu hapo, mahali unapoweza kuyaona maneno yaliyowaleta watu wa Google kwako ni Search Console, ambayo hadi 2015 iliitwa Webmaster Tools.

Ni ya bure, na haiulizi kama unatangaza. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa kuweka rekodi kwenye mipangilio ya jina la tovuti au kupandisha faili dogo. Baada ya hapo inakuonyesha kwa kila neno mara ulizoonekana kwenye majibu, mara ulizobofywa, na nafasi yako ya wastani. Kumbukumbu inarudi nyuma miezi 16. Inaanza kukusanya pale unapoiandikisha tovuti, kwa hiyo anayesubiri "mpaka tovuti ikue" anapoteza miezi ambayo hataipata tena. Kama aliyekujengea tovuti hakukuandikisha, mwambie akufanyie leo, na akaunti iwe ya kwako, si yake. Nimeona watu wakigombana na waliowajengea tovuti na kubaki bila kumbukumbu zao wenyewe.

Utajiri wake uko kwenye maneno ambayo unaonekana lakini hubofywi. Panga orodha kwa nafasi, tazama kati ya 8 na 20, tafuta yaliyoonekana mara nyingi. Hayo ni maneno ambayo Google imeshakuona unastahili, ila umekaa chini mno. Tuseme fundi wetu anakuta "sofa imebonyea katikati" imeonekana mara 140 na kubofywa mara 1, tena kupitia ukurasa wake wa bei ambao neno "kubonyea" halimo kabisa. Anachotakiwa kufanya kinajulikana hapo hapo: ukurasa wa kueleza kwa nini sofa hubonyea, lini ni sponji na lini ni springi, na picha za kazi alizofanya. Hakuna chombo cha umma ambacho kingemwambia hivyo, maana kwenye takwimu za umma neno hilo ni vumbi.

Njia nyingine ni kuchuja maneno ya kuuliza. Tangu 2021 kichujio chake kinakubali mpangilio maalumu wa alama (regex), ukaandika gani|vipi|nini|wapi|ngapi na kupata maswali yote kwa mpigo mmoja. Kwa lugha yetu kichujio hiki ni dhahabu, kwa kuwa maneno ya kuuliza ni machache na hayabadiliki umbo sana.

Ina upofu wake. Kwa tovuti mpya ni chumba kitupu, na inaweza kubaki hivyo wiki kadhaa. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo ukijumlisha mibofyo ya orodha hufikii jumla iliyoandikwa juu. Nafasi ya wastani nayo inadanganya kwa upole: "3.2" inaweza kuwa ni utafutaji wa watu wawili tu, mmoja wao ukiwa wewe.

Wenye wateja wanaofika dukani au wanaofuatwa majumbani wasisahau Google Business Profile, ile ya kwenye ramani. Nayo huonyesha maneno ambayo watu walitafuta wakaliona jina lako, na kwa biashara za huduma orodha hiyo huwa safi kuliko ya tovuti. Bing Webmaster Tools, ya injini ya kutafutia ya Microsoft, nayo ni ya bure, inaweza kuivuta tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console, na ina sehemu ya kutafutia maneno. Dakika kumi zinatosha kuiweka.

## Vya kulipia: Ahrefs, Semrush na wenzao

Hapa nitasema ninachoamini. Ni vyombo vizuri, na mwenye biashara ndogo asivishike kwa usajili wa mwaka.

Uzuri wao ni kumchungulia mshindani. Search Console inakuonyesha tovuti yako tu. Ahrefs au Semrush inakuonyesha ya jirani: kurasa zake zinazovuta watu, maneno yanayozileta, tovuti zilizoweka viungo (link) vya kwenda kwake. Kwa anayeingia soko lenye washindani waliokomaa, hilo linaokoa miezi ya kubahatisha.

Namba zao za utafutaji ni makadirio, na kila kampuni inakadiria kwa njia yake. Vivyo hivyo alama ya ugumu wa neno, ile ya 0 hadi 100. Ahrefs huitoa kwa kutazama ni tovuti ngapi zimeweka viungo kwa kurasa zilizo kumi bora. Wengine huchanganya vigezo vyao. Matokeo yake ni kwamba 30 ya huyu si 30 ya yule, na anayehama chombo akibeba sheria yake ya "chini ya 30 naandika" anabeba fimbo isiyo na vipimo. Tena hakuna alama inayojua kwamba wewe umefanya kazi hiyo miaka 15 na una picha 400 ambazo mshindani hana.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni lugha. Hazina zao zimeshiba kwenye lugha zenye maandishi mengi mtandaoni. Kwa Kiswahili na kwa maeneo madogo, sifuri zinakuja nyingi. Niliwahi kulipia usajili kwa ajili ya tovuti ya mteja, nikaandika neno ambalo wateja wake walikuwa wakimtumia kwenye meseji karibu kila wiki. Sifuri. Nikaliondoa kwenye orodha, nikajiona mtaalamu. Miezi kadhaa baadaye Search Console ilionyesha kwamba neno hilo hilo lilikuwa likiwaleta watu kwenye ukurasa ambao haukuliandikia hata mstari mmoja. Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kusoma sifuri kama "sina habari".

Ukiamua kulipa, lipa mwezi mmoja. Kabla ya kulipa andaa majina ya washindani watano na mada zako zote. Mwezi huo pakua kila kitu kwenye lahajedwali, kisha sitisha usajili siku ile ile unayomaliza. Ahrefs ina pia toleo la bure, lililotoka mwaka 2020, kwa anayethibitisha tovuti ni yake. Linatosha kukuonyesha viungo vyako na makosa ya kiufundi.

## Na akili bandia je?

Vyombo kama ChatGPT ni vizuri kwa kukumbushwa visawe na kupanga orodha ya maneno 200 katika makundi. Kiulize mteja mwenye sofa iliyochanika anaweza kuuliza maswali gani, kitakupa thelathini, kumi yakiwa ya maana. Usikiulize neno fulani hutafutwa mara ngapi. Kikitoa jibu kutoka kichwani mwake, litakuja limenyooka na lina tarakimu, na halina asili. Peleka kila pendekezo kwenye kisanduku cha Google kabla ya kuliamini.

## Kwa hiyo uchague kipi

Tovuti haina hata miezi mitatu: meseji za wateja, kisanduku cha kutafutia, na Keyword Planner kwa ajili ya bei za watangazaji. Search Console iandikishe ingawa ni tupu.

Tovuti ina zaidi ya miezi sita na inapata wageni japo wachache: Search Console kwanza, mara moja kwa mwezi, nusu saa. Vingine vyote ni vya ziada. Kama unatangaza Google Ads, fungua na ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Umeshailipia, na inaonyesha kile ambacho watu waliandika kweli kabla ya kuona tangazo lako.

Unauza mbali, una mtu wa kuandika kurasa kadhaa kila mwezi, na washindani wako nao wanaandika: hapo chombo cha kulipia kina kazi. Bila mwandishi, unalipia orodha itakayozeeka kwenye kompyuta.

Mtu akikuambia atakuwekea maneno kwenye kile kisanduku cha siri ndani ya msimbo wa ukurasa, kinachoitwa keywords, na akakutoza kwa hilo, mwambie Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga majibu.

Ukishapata orodha kwa njia yoyote, kuna jaribio moja ambalo hakuna chombo kinachokufanyia. Chukua kila neno, litafute, usome kurasa kumi zinazotokea. Mwaka 2002 mtafiti wa kompyuta Andrei Broder aligawa utafutaji katika nia tatu: kutaka kujua, kutaka kufika kwenye tovuti fulani, na kutaka kufanya jambo kama kununua. Majibu ya Google yanakuambia neno lako liko kundi gani. Kama kumi zote ni makala za kujifunza, ukurasa wako wa bei hautapenya hapo hata ukiwa mzuri vipi. Andika makala na uweke kiungo cha kwenda kwenye bei. Kama zote ni za wauzaji, makala yako ya maneno 2,000 itakaa chini. Na kama kuna mbili ambazo hazijibu swali kabisa, zimepanda kwa kukosekana bora kuliko wao, weka nyota kwenye neno hilo uanze nalo.